Mto Unaopumzika Jumamosi

Jumatatu, 5 Agosti 1996. Migori.

Nimepata! Miaka kumi na mmoja nimekuwa mhadhiri mwandamizi wa uhandisi wa maji, nikihudhuria sherehe za wenzangu wakipewa uprofesa, nikila pilau yao na kupiga makofi. Kumbe uprofesa wangu ulikuwa umelala kwenye daftari la mama muuza ndizi.

Bosibori ana kibanda kando ya daraja. Tangu 1989 ananisomea rula ya maji iliyopigiliwa kwenye nguzo, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza nilimwonya asiache nafasi tupu hata moja. Hajaacha. Leo nimefungua madaftari yote saba. Kila Jumamosi maji yako palepale yalipokuwa Ijumaa jioni. Kila Jumamosi! Hata Aprili, mvua ya kubomoa nyumba, Jumamosi mto hautikisiki. Jumapili unaamka na kuruka mita nzima.

Hakuna kitabu kinachosema hivyo. Nimekaa darajani hadi jua likapoa, nikiutazama. Nikauona kabisa jinsi unavyojilaza kila Ijumaa, kama ng'ombe aliyeshiba. Machozi yalinilengalenga. Nimeiita Kanuni ya Okari. Kisha nikapitia kwa seremala kuagiza kibao cha mlango: PROF. GICHANA OKARI. Aliuliza kama nimeshapandishwa. Nikamwambia mbao huchukua muda kukauka.

Jumatano, 7 Agosti

Balaa. Dk. Nyangau yuko mjini. Huyu ni mwenzangu wa idara, mtu wa mabwawa ya saruji, mwenye ofisi yenye dirisha. Anasema anapita tu, anakwenda kwa wakwe zake Kegonga. Nani anaamini? Akaniuliza ninachofanya. Nikamwambia nachunguza matope ya wachimba dhahabu wa Masara. Akafurahi sana, akasema ana gari na atanipeleka.

Siku nzima Masara! Nimepima matope nisiyoyahitaji kwa chupa ya soda. Mama mmoja aliyekuwa akichekecha mchanga aliniuliza kama nimepoteza pete. Nimerudi mwekundu kama tofali. Lakini Nyangau hajui kitu. Jioni nikarudi kwa mto wangu. Ndege mmoja wa buluu alizama na kutoka na samaki. Nikajiona kwenye joho, wanafunzi wamesimama.

Ijumaa, 9 Agosti. Homa Bay.

Mkutano wa wataalamu wa maji, katika hoteli inayotazama ziwa. Madirisha wazi, harufu ya omena walioanikwa ufukweni hadi mbele. Profesa Marcella, mwenyekiti wa kamati ya kupandisha vyeo, alikaa safu ya kwanza. Mama mpole, miwani puani.

Nilizungumza dakika arobaini. Nilieleza kwamba ziwa linapumua, na pumzi yake hupanda mtoni mara moja kwa juma. Kalamu zote zikawekwa chini! Nikadhani ni heshima. Profesa Marcella akauliza swali moja tu, kwamba anayesoma rula anasali wapi. Nikamjibu kwamba sayansi haiulizi watu makanisa yao. Ukumbi ukacheka. Nyangau, kumbe naye amekuja, alikohoa kwenye leso. Wivu!

Profesa akasema kesho ni Jumamosi, twende tukauone mto ukipumzika. Ningeweza kumkumbatia.

Jumamosi, 10 Agosti. Migori.

Mvua ilinyesha huko juu. Tulipofika, mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, ukinguruma, umebakiza kiganja kumeza rula. Unapanda huku tunauangalia.

Kibanda cha Bosibori kimefungwa. Daftari la sasa lilikuwa kwenye mkebe wake chini ya meza ya nje. Profesa akalifungua. Jumamosi asubuhi, imejazwa. Jumamosi jioni, imejazwa pia. Na ilikuwa saa nne asubuhi.

Tulimngoja nje ya kanisa la Wasabato, nyimbo zikitoka madirishani. Alitoka na kitambaa cheupe kichwani, akatusalimu mmoja mmoja, wala hakuona haya. Akasema Sabato hafanyi kazi, kila mtu anajua. Lakini Daktari alimkataza kuacha nafasi tupu, basi yeye hujaza Ijumaa kabla jua halijatua. Alidhani kwa siku moja mto hauwezi kwenda mbali.

Profesa Marcella alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaniuliza kwa upole kama mimi mwenyewe si mtoto wa Msabato. Mama yangu ni shemasi! Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niangushe darubini ya idara. Nyangau alinipa leso yake. Nikaitumia.

Jumatatu, 12 Agosti

Profesa amenipigia simu hotelini. Anasema niondoe Jumamosi zote. Zile siku sita zilizobaki, miaka saba bila pengo, ni hazina ambayo hajaiona popote katika mito yetu. Niandike hizo tu, nimpelekee kabla ya mwisho wa mwezi, na kiti cha uprofesa ni changu.

Siku sita za kawaida! Mto unapanda, mto unashuka. Hata mtoto anajua. Nani atamwita mtu profesa kwa hilo? Nyangau ameomba nakala ya siku hizo. Nimempa zote, na kamba ya kufungia. Maskini, mtu asiye na ndoto.

Bosibori nimempumzisha. Alisema sawa, akanipa ndizi mbili. Kazi ameichukua Matiko, katekista wa parokia, mtu makini, ana saa ya mkononi. Jumamosi yuko huru kabisa.

Jumatatu, 2 Septemba

Habari kutoka chuoni: Nyangau ameitwa kwenye usaili wa uprofesa. Kwa zile siku sita! Seremala naye amenitumia salamu, kibao kimekauka. Nimeumia, sitaficha. Nimetembea hadi darajani bila kofia, nikakaa na daftari jipya magotini, maji yakipita polepole chini ya miguu yangu.

Halafu nikasoma. Jumamosi mto unatembea kama siku nyingine. Lakini Jumapili! Jumapili tatu mfululizo, maji palepale yalipokuwa Jumamosi jioni! Hautikisiki! Mto umehamisha siku yake ya kupumzika!

Nimeandika kwenye jalada: Kanuni ya Pili ya Okari. Nimemwambia seremala asiuze kile kibao. Nimempitia Matiko nyumbani, nikampa daftari la mwaka mzima, na nikamsisitizia jambo moja tu, asiache nafasi tupu hata moja.