Vumilia Mpaka Msimu wa Tatu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku nzito. Nimekwenda mtaa wa Ng'ambo kwa wakwe kumwomba mke wangu arudi. Zamda aliondoka kwa sababu ya nyuki. Mizinga ilikuwa mizuri, ya kisasa, nikaipanga uani chini ya dirisha la chumba chetu. Kosa ni la nyuki walioingia ndani. Hilo hakutaka kulisikia. Alibeba begi na cherehani yake, akaenda kwao.

Kwetu mke akishakwenda kwao, maneno ya mume hayamrudishi. Harudi mpaka baba yake atoe neno. Baba yake ni Mzee Sabiri. Macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaona vivuli tu. Ulimi lakini unaona mbali. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akasema babu zake Wanyamwezi walibeba pembe hadi pwani na wakarudi, ila babu yangu Mzaramo alibeba mkeka kuja Tabora, akalala, msafara ukamwacha. Nikacheka. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Yeye hakucheka. Ndiyo shida ya kuoa kwa watani: hujui umetaniwa au umetukanwa.

Neno hakutoa. Zamda alipita na ndoo, hakunitazama. Nyumba yangu iko kimya. Kumbe ile kelele ya cherehani ndiyo iliyokuwa ikinilaza.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata mpango! Adui yangu ni mwanyumba wangu Nassibu, mume wa Amne, dada yake Zamda. Ananunua tumbaku Urambo. Kila akija kwa mkwe, mkononi kuku. Mimi kuku siwezi. Lakini kuku huliwa akaisha. Ninataka kitu kisichoisha.

Jigar ndiye aliyenipa. Dukani kwake anauza runinga, na kwenye kaunta anajaza watu tamthilia kwenye flashi. Ameniwekea moja ya Kituruki, misimu mitano, habari za ukoo wenye kiwanda cha mazulia. Akanionya kama ndugu: msimu wa kwanza ni mbaya, wa pili ni mbaya na una mvua, wa tatu ndipo moto unawaka. Wengi hukata tamaa njiani. Mimi si wengi.

Dosari moja. Haijatafsiriwa. Nikasema nitamtafsiria mzee mwenyewe, sentensi kwa sentensi. Jigar akauliza kama ninajua Kituruki. Nikamjibu kuwa nina akili.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Mji mzima uko kwenye maonyesho ya wakulima. Sisi tumeanza mbele ya runinga ya ukweni, baba mkwe kwenye kiti chake cha kamba, mimi kwenye kigoda.

Ee Mola, msimu wa kwanza! Wanaume wawili wanaongea chumbani. Nikatafsiri kwamba wanazungumzia mazulia. Baada ya muda mzee akauliza, na sasa? Bado mazulia. Alipouliza tena, nikasema mazulia, kwa aibu.

Zamda alikuwa anashona chumba cha pili. Kila nikitafsiri, cherehani inasimama. Nikapaza sauti.

Mzee akatamka kwamba kitu hiki ni kibovu. Nikamsihi avumilie mpaka msimu wa tatu. Akasema maneno hayohayo aliambiwa na washenga wangu walipokuja kunisemea. Kisha akapiga chini kwa bakora na kutoa hukumu: neno lake kuhusu Zamda atalitoa siku tamthilia itakapokwisha.

Misimu mitano! Nimejifunga kamba mwenyewe.

Jumanne, 12 Agosti

Nilijaribu kuruka sehemu. Haikuwezekana. Mzee hutambua wimbo wa kufungulia, na akiusikia haraka mno anauliza nilichoficha.

Basi nimebuni dawa nyingine. Kuna mtu mmoja mwenye ndevu, kazi yake kutazama dirisha na kupumua. Nikaona huyu ndiye adui wa hadithi. Leo alipopelekwa hospitali nikamuua. Nikatangaza kifo chake kwa sauti ya msiba. Mzee akaketi wima, akasoma innalillahi, akataka kujua nani kamtoa roho. Nikamtaja mpwa wake, kwa sababu ya urithi. Mzee akaguna. Akaagiza niletewe chai.

Chai! Ya kwanza tangu habari ya nyuki. Ameileta Zamda mwenyewe, ameweka iliki bila kuniuliza. Nikajimwagia, sikusikia kitu.

Alhamisi, 14 Agosti

Pigo. Marehemu ametoka hospitali kwa miguu yake. Mzee akaitambua sauti. Nikaeleza kwamba ni pacha wa marehemu, alikuwa safarini. Mzee akasema kumbe. Tukaendelea.

Sasa tupo msimu wa pili, mvua inanyesha kama alivyosema Jigar. Pacha wangu ananipa kazi kubwa. Nimempa deni la damu, nimempa mchumba, nimempa mama asiyejua kuwa mmoja wa wanawe yuko kaburini. Leo wakati mama huyo anamwandalia chakula marehemu, nilifuta macho kwa kofia yangu. Cherehani haikushona hata kidogo. Nadhani Zamda alikuwa amesimama nyuma ya pazia.

Nassibu naye amefika, na kuku. Akakaa kusikiliza. Akauliza kwa upole wa kinyonga, inakuwaje pacha avae pete ya marehemu. Nikasema ya urithi. Akasema kwamba hata watoto wa vibanda vya video wanajua steringi, yule mhusika mkuu, hafi. Steringi! Yule wa dirishani? Mbona hakuna aliyeniambia?

Jumapili, 17 Agosti

Ninaandika mkono ukiwa baridi.

Leo tulifungua msimu wa tatu. Nilikuwa nimenyoa. Kabla ya wimbo Nassibu akaingia na flashi yake kutoka Urambo. Tamthilia ileile, imetafsiriwa na mtaalamu. Akaichomeka. Mtaalamu ana sauti ya mtu wa mnada, na kwa maneno machache alinimaliza. Mwenye ndevu hakufa, yeye ndiye steringi na mwenye kiwanda. Hana pacha. Mpwa muuaji ni daktari aliyemtibu. Amne alicheka mpaka akajifunika khanga. Nassibu alitazama dari kwa unyenyekevu. Zamda alikuwa mlangoni. Sikuweza kumwangalia.

Mzee akaamuru izimwe. Nikachukua kofia yangu niondoke.

Akaniambia nikae. Akasema macho yake yamekufa, masikio hayajafa. Tangu siku ya mazulia alijua ninadanganya, maana hakuna Mwislamu wala Mturuki anayeweza kuongelea zulia muda wote ule. Na maiti hakohoi kwa kikohozi chake cha jana.

Akasema tena, polepole, kwamba tangu giza limwingie watu wanakuja, wanaweka kuku, wanatoa shikamoo, wanakwenda. Anabaki kusikiliza paa. Aliyekaa naye hadi alasiri ni huyu Mzaramo mwongo peke yake. Uongo wenyewe mwanzoni ulikuwa mbovu, katikati ukapata chumvi, na leo alikuwa ameamka mapema kwa hamu ya kusikia pacha atamwambia nini mama yake.

Nassibu akashukuriwa kwa kuku.

Halafu mzee akamgeukia Zamda, akakosea kidogo, akawa anauambia mlango. Akasema hawezi kusubiri misimu mitano, umri haumruhusu. Mwanamume huyu msimu wake wa kwanza tumeuona, una nyuki. Achukue cherehani yake aende akautazame wa pili, na ukimshinda, mlango huu haufungwi.

Nililia. Nilimshika mzee mkono nikalia mbele ya Nassibu.

Jumatano, 20 Agosti

Zamda yupo nyumbani. Cherehani iko dirishani, anashona sare za shule. Mwanamke akirudi na cherehani, amerudi kweli. Nimelala kama mtoto mchanga.

Mizinga nimempa jirani. Nimeapa mbele ya Zamda kwamba mipango basi. Alinitazama sana, akasema haya. Jioni alinipikia mlenda kwa ugali, akaniuliza, hivi yule pacha aliishia wapi? Nikamhadithia mpaka chakula kikapoa. Alicheka. Sijui lini niliwahi kumsikia akicheka vile.

Hapo ndipo wazo likaniingia. Sio mpango. Wazo tu.

Jumamosi, 23 Agosti

Spika imefika! Kubwa, inanifika kifuani. Sebule itakuwa ukumbi, watu watakuja kusikiliza tafsiri zangu, mji huu haujawahi kusikia kitu cha namna hiyo. Mwenye spika, fundi mmoja wa Gongoni, hakutaka fedha. Alitaka cherehani. Tulibadilishana Zamda akiwa sokoni. Nilikusudia kumweleza taratibu, kwa hatua, kama hadithi.

Hakunipa nafasi. Alipoingia alisimama akatazama pale dirishani. Hakupiga kelele. Sare za watoto zilikuwa mezani, nusu hazina mikono. Akazikunja moja moja, akazitia kwenye begi. Nikamsihi. Nikamwambia huu ndio msimu wa pili, lazima uwe mgumu, wanaokata tamaa hapa hujuta. Akasema amechoka kuwa mtazamaji.

Mlangoni akageuka. Moyo ukaruka. Akasema baba yake ametuma kuulizia kama nitakwenda kwake Jumatatu, na niseme kwa ukweli, pacha alimwambia nini mama yake.

Akaondoka. Nyumba iko kimya, na spika hii sina hamu hata ya kuiwasha.

Lakini tuwe wakweli: mkwe ananiita! Nimekwenda mbio dukani kwa Jigar kabla hajafunga. Nikamwomba tamthilia ndefu kuliko zote. Anayo ya misimu minane. Akanionya kwamba minne ya mwanzo haitazamiki kabisa.

Nimeichukua.