Habari za Lorne Kowalchuk na Jinsi Alivyotangulia Kwenye Njia Panda ya Kettle Bend

Sogeeni, enyi mliozaliwa na mkono mwepesi wa kupungia wengine watangulie; sogeeni nanyi mliowahi kusimama mlangoni mkisema "pita wewe" hata supu ikapoa mezani. Vueni viatu vya theluji, viacheni kwenye mkeka, kaeni. Nataka kuwasimulia tendo ambalo wazee wa jimbo letu la Manitoba hawakulithubutu, nalo lilitendeka mbele ya macho yangu mawili, jioni ya Jumatano moja ya Februari, kipimajoto kikisoma ishirini na saba chini ya sifuri. Nawe kahawa, mlezi wa waandishi wote, nipe pumzi, maana habari hizi nimezisimulia mara nyingi na kila mara nachekwa kabla sijafika katikati.

Palikuwa na mtu katika mji wetu wa Kettle Bend, jina lake Lorne Kowalchuk, mwalimu mstaafu wa jiografia, Simba wa Kibodi, Mwenye Kofia ya Masikio, Mkaguzi wa Mashimo ya Barabarani asiyelipwa na mtu. Kwa miaka kumi na moja aliandika blogu iitwayo Dirisha la Kettle Bend, na kila alfajiri kabla ya saa kumi na mbili alitoa makala mapya, akiwachapa mawaziri wa serikali kuu kule Ottawa kwa hasira ile ile aliyowachapia wazoa taka wa mtaani kwake. Lakini vita yake kuu, vita iliyomfanya akose usingizi, ilikuwa dhidi ya ile sheria ya nchi yetu kwamba mgombea akiwapita wenzake kwa kura hutwaa kiti, hata kama walio wengi waliwapigia wengine. Makala arobaini na tatu aliiandikia sheria hiyo. Aliiita wizi uliovaa suti.

Na chini ya kila makala, bila kukosa hata siku moja, paliandikwa maoni ya Mavis Gudmundson, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mjane wa marehemu Einar, Mlinzi wa Takwimu, Mama wa Kalamu Nyekundu. Yalianza daima kwa neno moja: "Umekosea." Kisha yakafuata maelezo.

Sasa siku chache kabla ya Jumatano hiyo mji ulikuwa unajiandaa kwa uchaguzi mdogo wa diwani, na Lorne, akiwa amepandwa na mori, akaandika kwamba mtu yeyote ambaye hatapiga kura afunge mdomo kuhusu serikali yoyote, ya mji, ya jimbo au ya nchi, mpaka uchaguzi mkuu wa mji ujao. Yaani karibu miaka mitatu. Mavis akauliza pale chini: "Hata wewe?" Naye shujaa wetu, kwa vidole viwili tu na bila kufikiri, akajibu: "Hata mimi. Nisipopiga kura, nafunga blogu." Kiapo kikasomwa na mji mzima, yaani watu mia mbili na sita.

Ndipo ilipofika Jumatano, siku ya kura, na mbingu zikamwaga theluji tangu asubuhi. Greda la mji la kusukuma theluji, likiongozwa na Curtis Desjarlais, Mpasua Barabara, lilipita mtaa wa Lorne mara ya kwanza na kumwachia tuta la theluji langoni. Lorne akalichimba kwa beleshi. Greda likarudi likamwachia la pili, la kiunoni. Lorne akalichimba nalo. Akaingia ndani, akavua koti, akaketi kuandika makala ya kuwakumbusha watu wakapige kura, na makala hayo yakamnogea. Alipoinua kichwa ilikuwa saa mbili kasoro dakika ishirini na tano. Kituo kilikuwa kinafungwa saa mbili, na yeye mwenyewe alikuwa hajapiga.

Akavaa kofia ya masikio. Akapanda gari lake kama jemadari anavyopanda farasi, isipokuwa farasi hahitaji dakika tano za kupashwa moto. Akashika njia kuelekea mashariki, kwenye ukumbi wa mchezo wa kutelezesha mawe barafuni, ambako ndiko kulikopigiwa kura.

Kati yake na ukumbi ule ipo njia panda. Haina taa. Ina vibao vinne vyekundu vya kusimama, kimoja kila upande, na sheria yake ni nyepesi: aliyefika kwanza hupita kwanza, na mkifika pamoja, mpishe aliye kulia kwako. Wageni huidhani nyepesi. Sisi tuliozeeka hapa tunajua kwamba magari manne yakifika kwa nukta moja, kila dereva ana mtu kulia kwake, na sheria haina la kusema tena.

Na jioni ile, wasikilizaji, magari manne yalifika kwa nukta moja. Kutoka magharibi, Lorne. Kutoka kusini, Curtis na greda lake. Kutoka kaskazini, Mavis, akienda dukani kununua maziwa. Na kutoka mashariki ni mimi, msimulizi wenu, nikitoka ukumbini nilikokuwa nimeshapiga kura yangu, sufuria ya supu ya dengu imefungwa mkanda kwenye kiti cha pembeni.

Lorne akampungia Curtis apite. Curtis akanipungia mimi. Mimi nikampungia Mavis, na Mavis akampungia Lorne. Tukangoja kwa adabu. Kisha wote wanne tukasogea hatua moja kwa pamoja, wote wanne tukashtuka, tukafunga breki, tukainua mikono kuombana radhi, tukarudi nyuma. Tukapungiana upya. Hakuna aliyepiga honi, kwa sababu katika Kettle Bend honi ilipigwa mara ya mwisho miaka tisa iliyopita, na aliyeipiga alihama.

Dakika nne zikapita hivyo. Ndipo mlango wa magharibi ukafunguka, na Lorne Kowalchuk akashuka kwa miguu katika uwanja wa mapambano, mvuke ukimtoka puani.

"Samahani jamani," akasema.

"Samahani," tukaitikia watatu, tukishusha vioo.

"Lorne, funga mlango wa gari, unapoteza joto," Mavis akasema.

"Mavis, pita."

"Pita wewe. Mimi naenda kwenye maziwa tu."

"Maziwa yataisha."

"Yakiisha nitakunywa chai kavu. Pita."

Lorne akageukia greda. Curtis akachungulia kutoka juu, uso wake mwekundu kwa baridi na majuto. "Mimi nikipita kwanza nitawamwagia theluji nyote. Tena leo nimeshakukosea mara mbili, Lorne bwana. Samahani."

"Si kitu, Curtis."

"Ni kitu. Lile la pili lilikuwa la kiunoni. Nililiona kwenye kioo, moyo ukaniuma."

Nikaona nami nichangie. "Ukumbini wanakaribia kufunga," nikasema. "Msimamizi, Irma Toews, ameshaanza kukunja viti."

Nililisema kama mtu anavyosema habari za hali ya hewa. Lakini Lorne alibadilika rangi, akatazama saa, akamtazama Mavis. Sikuelewa. Nilidhani ni baridi. Kumbe Simba wa Kibodi alikuwa anapima mambo mawili: akisema kwa nini ana haraka, Mavis atajua kwamba kiapo kimemkaba koo, asiposema, tutapungiana hapo hapo mpaka saa mbili ipite, na blogu ifungwe.

Akapanda juu ya lundo la theluji pembeni mwa kibao chake, akanyoosha mkono wenye glavu, na kunena:

"Majirani, sisi si watu wa kugombania njia, na hilo ni sifa. Lakini sifa imetugandisha. Sheria imeshindwa. Adabu imeshindwa. Kimebaki kile ambacho mababu zetu walikitumia walipochoka kupigana. Tupige kura. Kila mtu ataje wa kutangulia, na atakayeshinda apite bila kuomba radhi."

"Bila kuomba radhi kabisa?" Curtis akauliza.

"Radhi moja, akishavuka."

Tukakubali. Kura ya kwanza ikapigwa, na kila mtu, kwa kuwa amelelewa vizuri, akamtaja wa kulia kwake. Curtis moja, mimi moja, Mavis moja, Lorne moja. Bunge likakwama. Saa ilisoma mbili kasoro dakika kumi na mbili.

"Duru ya pili," Lorne akasema.

Curtis alinitaja tena mimi. Alisema sheria ya kulia ni sheria ya kulia. Mimi nilimtaja Mavis, kwa sababu nilikuwa nimeshamtaja na sipendi kuonekana kigeugeu. Ikawa zamu ya Lorne. Akakitazama kiatu chake. Akavuta pumzi ndefu, na kwa sauti ambayo ilitufikia kwa shida kupitia kofia na mitandio, akasema: "Najitaja mwenyewe."

Ndugu zangu, nimeishi Kettle Bend miaka ishirini na mbili. Nimeona mto ukifurika, nimeona dubu dukani. Sijawahi kusikia neno kama lile. Curtis alivua kofia bila kujijua.

"Lorne," Mavis akasema polepole. "Una nini wewe leo?"

"Sijapiga kura."

"Umepiga sasa hivi. Umejipigia."

"Kule. Ukumbini. Sijapiga."

Mavis akazima gari. Hapo nikaelewa, na nikaona aibu ya kura yangu, nikafungua kinywa niibadilishe. Lakini Lorne mwenyewe alinizuia kwa kiganja. "Kura ikishapigwa imepigwa," akasema. "Niliandika hivyo mwezi wa kumi na moja."

"Aya ya pili," Mavis akasema. "Hapo ulikuwa sahihi."

Basi hesabu ilikuwa wazi kwetu sote. Mimi moja, Mavis moja, Lorne moja, na kura iliyobaki ilikuwa ya Mavis Gudmundson. Akijipigia mwenyewe, angepita taratibu kwenda kwenye maziwa yake. Akinipigia mimi, ningepita na supu yangu. Na kwa vyovyote angebaki msemaji pekee wa Kettle Bend, na Dirisha lingefungwa karibu miaka mitatu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amemwambia mtu huyu kwamba amekosea. Sasa alikuwa na uwezo wa kumnyamazisha kwa neno moja.

"Leo mchana," akaanza, "kuna mtu aliondoa tuta langoni kwangu kabla ya kuondoa la kwake. Mara mbili. Nilimwona dirishani."

"Beleshi liliteleza tu upande wako," Lorne akasema.

"Liliteleza nusu saa nzima, mara ya kwanza peke yake. Lakini nisikilize vizuri, sikupi kura kwa ajili ya beleshi, usije ukaandika hivyo kesho. Tangu Einar aondoke mimi naamka saa kumi na moja, nyumba imetulia, na sina wa kumsemesha mpaka makala yako yatoke. Yakitoka nayasoma, nakasirika, damu inatembea. Sasa ukinyamaza miaka mitatu nitamkasirikia nani? Jokofu?" Akafuta pua kwa glavu. "Kura yangu ni kwa Lorne. Pita, mwanamume wewe, kabla sijafikiri mara ya pili."

"Mbili, moja, moja," Curtis akatangaza kutoka juu. Kisha, kwa kuwa yeye naye ni msomaji, akaongeza: "Lakini mbili kati ya nne si walio wengi, Lorne. Nusu tu."

Makala arobaini na tatu yakasimama katikati ya njia panda ile yakimtazama baba yao. Alikuwa ameshinda kwa sheria ile ile, kwa ule wizi uliovaa suti, na sisi sote tulilijua hilo.

"Unaweza kuukataa ushindi," Mavis akasema, na nadhani alikuwa anafurahia. "Kwa ajili ya msimamo."

Lorne akatazama saa. Mbili kasoro dakika saba.

"Nimeupokea," akasema kwa upole, akaingia garini.

Na akapita. Mbele yetu sote, wa kwanza kati ya wanne, mikono yote miwili kwenye usukani, bila kumpungia mtu, Lorne Kowalchuk alivuka njia panda ya Kettle Bend. Taa zake za nyuma ziliwaka mara moja upande wa pili: hiyo ndiyo ilikuwa radhi yake.

Mimi niligeuza gari, supu na yote, nikamfuata nishuhudie, na nyuma yangu wakaja Mavis na greda. Mlangoni pa ukumbi Lorne alikutana uso kwa uso na mzee mmoja aliyekuwa anatoka, naye mzee akashika mlango, akasema pita wewe, na sote tukafumba macho. Lakini mtu akishaonja haogopi tena. Lorne alipita. Irma Toews akamkabidhi karatasi, penseli fupi ikafanya kazi yake, na karatasi ikaanguka sandukuni saa mbili kasoro dakika moja. Alitoka akamtafuta yule mzee uwanjani, akamwomba radhi mpaka wote wawili wakaanza kuganda.

Hadi leo, katika mji wetu, mwaka ule hatuutaji kwa tarakimu. Tunasema mwaka aliotangulia Lorne, na anayeuliza hupelekwa akaonyeshwa mahali penyewe. Diwani aliyechaguliwa hakuna anayemkumbuka.

Asubuhi ya Alhamisi, kabla ya saa kumi na mbili, makala ya arobaini na nne dhidi ya sheria ile yalitoka: kwamba kutwaa kiti bila kuungwa mkono na walio wengi ni wizi uliovaa suti, isipokuwa kwenye njia panda, wakati wa baridi kali, kwa sababu ambazo mwandishi atazieleza. Dakika tatu baadaye maoni yakatokea pale chini.

"Umekosea," yaliandikwa.

Lorne akajimiminia kahawa, akasogeza kiti, akaanza kujibu.