Gari Langu Halishuki Bei

Jumatatu, 3 Machi

Limefika! Limevutwa na lori, lakini limefika. Gari la spoti la zamani, milango miwili, viti viwili, pua ndefu kama ya mtu mwenye dharau. Jekundu, pale ambapo kutu haijala. Majirani wote nje. Nguo ziliachwa kwenye mabeseni. Mwenye duka alifunga duka. Sijatazamwa hivi tangu siku ya harusi yangu, na hata siku ile wengi walikuwa wakimtazama bibi harusi.

Aliyeniuzia amesema duniani yamebaki machache mno. Kitu kikiadimika, bei hupanda. Hata mtoto anajua. Injini haiwaki, lakini nani huwasha dhahabu?

Mama watoto aliuliza mabati yako wapi. Ni kweli, nilitumwa mabati ya chumba cha kulala. Nikamweleza kwa upole kwamba bati huanza kushuka thamani siku linapopandishwa juu ya nyumba. Nikamwuliza kama amewahi kusikia tajiri anayekusanya mabati ya kale. Akaenda kupanga mabeseni chumbani. Nimechukulia kuwa ameridhika.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Chumbani kunavuja kuanzia dirishani hadi kitandani. Turubai tuliyokuwa tukifunikia paa nimeitandaza juu ya gari. Mwekezaji hulinda mtaji. Mama watoto amepanga mabeseni na sufuria.

Shemeji amekuja. Huyu ni kaka wa mama watoto, mfyatua matofali, mtu anayedhani utajiri lazima uwe na pembe nne. Akalizunguka gari, akapiga teke tairi, tairi likatoa pumzi yake ya mwisho. Akasema gari lisilotembea ni banda la kuku. Nikamjibu kwamba hili halikununuliwa litembee. Kinachotembea ni bei yake! Akaondoka akicheka, kama wafanyavyo walioshindwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mthamini wa magari ya kale anakuja Jumanne. Shemeji kajialika. Vizuri! Ashuhudie kwa macho yake.

Mgeni hapokelewi kwenye uchafu. Tulibakiwa na rangi nyekundu tulipopaka geti. Nimepaka gari mwenyewe, kwa brashi, nikarudia. Ngozi ya viti ilikuwa imechakaa, nikaibandua, nikampa fundi wa viatu, akaipokea kwa furaha ya ajabu. Sasa viti vimevaa kitambaa cha maua kilichobaki kwenye makochi. Binti yetu kasema gari limefanana na sebule. Asante, mwanangu! Maneno kama hayo humtia mtu moyo.

Jumanne, 11 Machi

Mthamini amekuja. Mwembamba, mpole, ana tochi ndogo. Alikwaruza bodi kwa ukucha. Akauliza nani amefanya hivi. Nikasema, bila majivuno, ni mimi. Akaomba mahali pa kukaa. Nikamkaribisha kwenye maua. Akasema atakaa barazani.

Kisha akanieleza taratibu, kama daktari anayezungumza na jamaa wa mgonjwa. Wanunuzi wa magari haya hulipia rangi ya kiwandani na ngozi ya asili, hata zikiwa zimechakaa. Hasa zikiwa zimechakaa! Ningeliacha vilevile, ningejenga nyumba nyingine. Sasa yupo mtu anayelitaka kwa ajili ya vipuri tu. Atalipa bei ya mabati na chenji kidogo. Akanishauri niuze upesi, kabla sijashika tena brashi.

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Nikasema siuzi soko likiwa chini. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Aliniangalia, halafu akaliangalia gari kwa muda mrefu. Nadhani ameanza kulipenda.

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbaya. Asubuhi dari la chumbani limeangukia kitanda. Binti alikuwa ndiyo kwanza ametoka kukitandika. Nilimshika mkono, sikumwachia mpaka aliposema, “Baba, unaniumiza.”

Mama watoto hakulia. Alichukua mto, shuka na chupa ya chai, akaingia garini na binti, wakafunga milango. Ndipo mahali pakavu pekee kwetu! Nikagonga kioo. Akakishusha kidogo.

“Baba watoto, nyumba yako ile pale. Sisi tumehamia kwenye uwekezaji.”

Akakipandisha.

Nililoa chapachapa. Lakini haki ya Mungu, linamfaa! Nyuma ya usukani ni mke wa tajiri mtupu.

Ijumaa, 14 Machi

Mnunuzi kaja. Shemeji ndiye aliyemwita, kwa agizo la dada yake. Mimi sikuulizwa.

Alimkuta mama watoto humohumo garini, akimsuka binti nywele. Akataja bei. Mama watoto akamwambia kupitia upenyo wa kioo kwamba hapa ni kwa watu, na watu hawahamishwi kwa bei ya vyuma chakavu. Mnunuzi akaongeza. Mama watoto akamwuliza binti kama anasikia mtu akizungumza. Binti akasema hasikii. Mnunuzi akavua kofia, akajifuta jasho, akataja bei iliyompa shemeji kikohozi.

Mlango ukafunguka.

Bei imepanda! Nilisema nini mimi? Nikamwambia shemeji kwamba huyu mwanamke nimemfundisha mwenyewe. Shemeji akasema dada yake alizaliwa hivyo. Wivu!

Gari lilipovutwa kuondoka, nilisimama wima kama askari. Macho yalinilowa. Mvua ilikuwa imekatika, kwa hiyo siwezi kuisingizia.

Jumatatu, 17 Machi

Mabati yapo juu! Mama watoto alikwenda kuyanunua mwenyewe. Misumari ikapungua, nikatumwa mimi, kwa onyo: misumari, na misumari tu.

Jirani na duka la vifaa, mama mmoja anahama na anauza vyombo. Nyuma ya kabati nikakiona. Kile kigari cha ubavuni, kinachofungwa kwenye pikipiki za zamani, abiria akaketi kama mfalme! Pikipiki yenyewe haipo. Ndiyo maana amenipunguzia. Pikipiki nitaitafuta. Vitu hivi vimebaki vichache mno duniani.

Na mimi si mjinga, nimejifunza. Hiki sitakipaka rangi.

Fundi anaita kutoka juu ya paa, anauliza misumari iko wapi. Nimemwambia ashuke kwanza, aje aone kitu.