Mahindi Yangu Yalilala Mbele ya Kamati

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya watu kumi na tano, mwavuli wa maua mkononi. Niko saiba, kwenye kompyuta ya kukodi, hapa Bungoma, kucha bado zina udongo, na ninawaandikia mbio kabla mtu mwingine hajawafikishia habari hii kwa njia yake.

Wale tuliosoma pamoja Kitale mnanijua. Nimezaliwa katikati ya mahindi. Kwetu kulikuwa na ghala, trela na mbwa wa kulinda ghala. Kwa hivyo nilipohamia Bungoma kushona nguo, kila aliyelalamika kuhusu shamba lake nilimpa ushauri bila kuombwa. ("Sisi watu wa Kitale hatufanyi hivyo." Nimeyasema maneno hayo mara nyingi, Mungu anisamehe.) Ila shamba langu mwenyewe sikuwahi kuwa nalo, mpaka mwaka huu.

Mwaka huu kanisa letu limegawa uwanja ulio nyuma, upande wa reli, kwa waumini wasio na mashamba. Kila familia kipande kimoja, hatua ishirini kwa kumi. Mama watoto ndiye aliyepigania chetu. Alitaka Wambui, mwenye miaka kumi, na Kamau, mwenye sita, wajue kwamba unga hautoki dukani. Na sheria ya kamati ilikuwa moja tu: wiki tatu baada ya kupanda, kamati inapita kukagua. Kipande ambacho mahindi hayajaota kinapewa familia nyingine, na wanaosubiri ni wengi.

Watoto walikipenda kile kipande kupita kiasi. Kamau alikuwa akipita pale kila jioni kukisalimia. "Shamba, sasa?" anasema, halafu anangoja kidogo kabla ya kwenda zake.

Siku ya kupanda tulienda sote watatu. Mimi nachimba mashimo, Kamau anatia mbolea na kuifunika kwa udongo kidogo, Wambui anafuata na mbegu mbili mbili. Wambui alikuwa mkali. Hakukubali mbegu hata moja iguse mbolea, maana shuleni wamefundishwa kwamba inaungua. Tulienda polepole mno. Kufika saa tisa tulikuwa tumemaliza mistari kumi, imebaki sita. Na saa kumi kulikuwa na mpira kwenye televisheni, hoteli ya ng'ambo ya barabara.

Nikawaambia watoto, "Nendeni nyumbani mkaoge. Mimi nitamalizia."

Hapa lazima niungame. Ninyi mnajua tulivyokuwa tukifanya utotoni, tukitumwa kupanda. Jua linakuchoma, mbegu haziishi, basi unachimba shimo moja kubwa kando ya ua, unamwaga zote, unafukia, unarudi nyumbani ukijipangusa jasho. Sasa mimi nina miaka thelathini na nane. Shamba ni langu. Mbegu nimenunua mwenyewe. Na bado mkono ulienda wenyewe. (Nani alikuwa ananisimamia? Hakuna. Nilikuwa nikijitoroka mwenyewe.) Nilijiambia kwamba kesho nitarudi, nizifukue, nizipande sawasawa. Kesho yake zikaja sare za kwaya ya Pasaka, ishirini na nne, zote na kola.

Mvua ikanyesha. Mistari ya watoto ikaota, imenyooka, ya kijani. Mistari yangu sita ikabaki udongo mtupu. Na kule kwenye kona, kando ya ua, kukaota kichaka cha mahindi kilichobanana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi.

"Baba, mbona pale yamejaa hivyo?" Wambui akaniuliza.

"Ni fuko," nikasema. "Anachimba chini kwa chini, anahamisha mbegu, anajiwekea akiba."

Uongo huo ulitoka vizuri hata mimi nikauamini kidogo. Watoto wakaanza kumchukia fuko huyo. Kamau alikuwa akipiga ardhi mateke, akimwambia atoke nje wapigane.

Halafu jana kukatangazwa kwamba kamati inapita leo, saa mbili asubuhi. Mama watoto yuko Ndalu kwa mama yake, anarudi kesho. Nilipompigia simu kumjulisha alinijibu kwa utaratibu sana: "Baba Wambui, nikikuta kipande chetu kimepewa watu wengine, usinielezee kitu." Sikulala vizuri. Kila nikifumba macho naona mistari sita ya udongo.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nikawa nimepata akili. (Ndivyo nilivyofikiri.) Nikawaamsha watoto. Mpango wangu: tung'oe ile miche ya kwenye kona, tuipande upya kwenye mistari sita, kamati ikija saa mbili ikute shamba limejaa.

"Baba, si tuwaambie tu ni fuko?" Wambui akasema.

"Wataogopa atahamia kwa wengine," nikajibu. Nilikuwa natokwa na jasho, na jua hata halijachomoza.

Tukafanya kazi kama watu wanaolipwa. Kamau anabeba miche mikononi kwa upole, mmoja mmoja, Wambui anashindilia udongo, mimi nachimba nikitazama njia. Saa moja na nusu tukamaliza. Nikasimama pembeni, nikatazama. Mistari kumi na sita! Ilikuwa imependeza, jamani. Nilifikia hata kupiga mluzi.

Saa mbili ikafika, kamati haikufika.

Saa tatu, kamati haijafika. Walianzia upande wa mbali, na huku kwetu mnajua, huwezi kumkagua mtu bila yeye kukupa chai, na huwezi kunywa chai bila kuuliza habari za wagonjwa. Nikawaona kwa mbali wameketi kwenye kipande cha nne. Vipande vilivyobaki kabla ya changu vilikuwa saba.

Na mvua ilikuwa imekatika siku nne. Jua likapanda. Mche wa kwanza ukainamisha kichwa saa tatu na robo. Nikaufungia kijiti. Kabla sijamaliza, mitatu mingine ikainama. Nikakimbia kwenye mfereji wa kanisa na debe, nikamwagilia mistari yote sita, nikarudi mwanzo, nikakuta ile niliyoanzia imelala zaidi. Akilini nilikuwa namwona mama watoto akishuka kwenye gari na mzigo wake, akija moja kwa moja shambani.

Nikamtuma Wambui nyumbani alete mwavuli wa mama yake, ule wa maua ya waridi. Nikaanza kutembea nao kwenye mistari, nikiyatilia mahindi kivuli, dakika mbili hapa, dakika mbili pale. Jirani wa kipande cha kando akasimamisha jembe lake.

"Baba Wambui, ati hayo ya Kitale yanaogopa jua?"

"Ni njia mpya," nikamwambia. (Mdomo wangu huu utaniua.)

Kamati ilifika saa sita kasoro. Mbele alikuwa Mama Nekesa, mwenyekiti, mama mtu mzima ambaye amelima Myanga maisha yake yote, herufi l humtoka kama r, na hana haraka na kitu chochote. Kando yake Mzee Wafula, ambaye kazi yake ni kutega fuko kwenye mashamba ya watu. Mnajua jinsi roho yangu ilivyoshuka nilipomwona huyo. Nyuma yao walikuwa wenye vipande wote ambao tayari wamekaguliwa, na sasa hawana kazi ila kutazama wengine.

Kwenye mistari kumi ya watoto Mama Nekesa alitembea akitikisa kichwa kwa furaha. "Hii imepandwa na mtu mwenye akiri," akasema. Nikakohoa kwa unyenyekevu.

Kisha akafika kwenye mstari wa kumi na moja.

Sijui niwaelezeje. Mahindi yalikuwa yamelala chini, yote, mpaka mwisho wa shamba. Yaliyosimama yalikuwa mawili tu, na yalikuwa yamesimama kwa sababu Kamau alikuwa amechuchumaa katikati yake, ameyashika, moja kila mkono. Na mimi juu yake na mwavuli.

Mama Nekesa akauangalia mwavuli, kisha mahindi. "Baba Wambui," akasema, "haya yamerara mchana. Usiku yarikuwa yamekesha wapi?"

Watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko.

"Ni fuko, Mama," nikasema. "Fuko ametusumbua sana."

Mzee Wafula akapiga hatua mbele. Akashika mche mmoja kwa vidole viwili, akauinua, ukatoka wote na mizizi yake, bila hata kuvutwa. "Ati fuko? Fuko anakula mizizi, bana. Huu mzizi uko hapa mzima. Nimeshika fuko miaka thelathini, sijapata mmoja wa kupanda kwa mstari."

"Hapana, Guka," Kamau akamwambia babu huyo, akitaka kunitetea, mikono bado imeshika mahindi. "Fuko aliyaweka kule kwenye kona. Sisi ndio tumeyarudisha leo asubuhi."

Mama Nekesa hakuniangalia hata. Alienda kwenye kona, umati mzima ukimfuata, akachokora lile shimo kwa ncha ya jembe. Zikatoka mbegu zilizooza, zimegandana. Akachokora tena. Ikatoka pakiti ya mbegu. Ile ya karatasi, ya kilo mbili, imekunjwa vizuri. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliifukia humo humo.

"Hee," Mzee Wafula akasema. "Huyu fuko alienda dukani."

Hapo kila mtu akaacha kukohoa, akacheka waziwazi. Kuna mama mmoja aliketi chini kabisa. Mimi nilikuwa nimesimama na mwavuli wangu wa maua, sijui niufunge au nijifunike nao uso.

Mama Nekesa alingoja wanyamaze. "Hakuna mtoto wa huku ambaye hajazika mbegu," akaniambia, sasa bila mzaha. "Hata mimi nirizika. Mama arinichapa mpaka reo nakumbuka. Rakini nirikuwa na miaka minane, na shamba harikuwa rangu."

Ningeweza kuvumilia hilo. Kicheko nacho ningekivumilia. Lakini Wambui alikuwa amesimama mbele yangu na ile pakiti, anaigeuza.

"Kwa hivyo hakukuwa na fuko," akasema.

"Hapana," nikamjibu.

"Ulituambia tumchukie."

Niliona aibu, jamani, na si ile ya kuchekesha. Nilimwambia nimekosa, nilikuwa nimekimbilia mpira, halafu nikaogopa kusema. Nilimwambia mbele ya wote, maana hakukuwa na mahali pa kujificha. Kamau akaachilia yale mahindi yake mawili, nayo yakalala, akaanza kulia. "Sasa watachukua shamba yetu?"

Mama Nekesa akafungua daftari la kamati, akatafuta jina langu, akalikata kwa mstari mmoja. Nilishafikia kupanga nitakavyomwambia mama watoto.

"Hii mistari kumi iriyonyooka," Mama Nekesa akauliza, "nani aripanda?"

"Mimi na Kamau," Wambui akasema.

"Sheria inasema kipande ni cha mwenye kupanda na ikaota. Jina rako kamiri?"

Akaandika. Wambui akiwa mwenye kipande, Kamau msaidizi wake. Kisha akaniangalia, kalamu ikiwa bado hewani, akamuuliza mwenye shamba kama angependa kuwa na kibarua. Wambui alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akasema sawa, lakini nipande upya ile mistari sita, mbegu mbili mbili, na yeye akiwa amesimama hapo hapo. Watu walipiga makofi. Mzee Wafula alinipa mkono wa pole, akanishauri nisikanyage karibu na mitego yake.

Basi tukarudi nyumbani. Nikapika mimi. Walikula bila kununa sana, na Kamau akaniuliza kama fuko wa kweli ana masikio. Nilifikiri mambo yameisha. Kisha Wambui akatoa daftari lake la kilimo la shule, akakaa mezani kumalizia kazi yake. Nilipopita nyuma yake nikasoma. Swali lilikuwa: Taja maadui wanne wa mahindi shambani. Alikuwa ameandika: viwavi, ndege, magugu, baba.

Tafadhali msicheke. Mwalimu anasahihisha Jumatatu, na ndiye anayeongoza ile kwaya niliyoishonea sare.