Pete Kwenye Msumari

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na saba ya ndoa. Nimemtazama mume wangu akilala mpaka chai ikamwagikia jiko. Mzuri huyu mtu! Vidole tu ndivyo vinavyoniumiza roho. Baridi yabisi imevivimbisha. Pete ya harusi iliingia kwa sabuni, ikatoka kwa sabuni, sasa inaning'inia kwenye msumari juu ya cherehani yake. Fundi nguo asiyeweza kushika sindano asubuhi! Leo daktari katueleza kwamba mafuta ya mwili hayakai bure kama mzigo stoo. Yanatoa homoni, nayo ikizidi huchochea uvimbe kwenye viungo, hata dawa ikafanya kazi kwa shida. Dawa haiachwi, akasema, ila kitambi kipungue. Nimeapa: Jumamosi ya tarehe 15 tukitimiza mwezi, pete itakuwa kidoleni.

Alhamisi, 6 Machi
Mboga za kuchemsha, siku ya tatu. Halalamiki, anaitazama sahani kama mfiwa. Mizani ya chumbani haijasogea. Akasema basi, heri afe ameshiba. Sikuvumilia. Alipokwenda kuoga nikazungusha kigurudumu cha kurekebishia chini ya mizani, mshale ukarudi nyuma kilo sita. Mtu akitiwa moyo hukaza mwendo. Alipopanda, akanibeba kwa furaha. Vidole vikamuuma, akanitua. Sijawahi kubebwa vizuri vile.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kaja. Kapanda mizani, kashuka. Kisha akauliza kilo zake sita zimekwenda wapi, ana ugonjwa gani. Nikasema labda ni gauni jepesi.
"Gauni la kilo sita, mkwe wangu?"
Akaingia jikoni, akakaanga kila kinachokaangika, ajiokoe. Mume wangu kala sahani tatu: moja ya kumridhisha mama, mbili za kujipongeza. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Lakini mimi sidanganyi, natia moyo.

Alhamisi, 13 Machi
Jana muuguzi alipiga simu. Kesho mgonjwa anawekewa dawa ya dripu, nayo hupimwa kwa uzito, ana kilo ngapi? Mume wangu akazitaja kwa madaha. Mimi nikapangusa kiti kilichokwisha kupanguswa.
Leo, kliniki, wakampima upya. Kilo sita zimerudi, zimekuja na mbili nyingine. Muuguzi akauliza mizani ya nyumbani ni ya kupimia watu au viazi. Nikakiri. Akasema bila kupima tena angepewa dawa pungufu, vidole vyake vingelipia mapenzi yangu. Mume wangu hakugomba. Alisema tu kwamba alidhani mwili wake umeanza kumsikia. Hapo nililia kweli. Dripu kapata, kipimo sahihi. Matokeo baada ya wiki kadhaa. Nyumbani mama mkwe kasikia yote, kaondoka na mizani kwapani, akicheka: kumbe yeye ni mzima. Nimeapa mbele yao wote: mizani siigusi tena maishani.

Ijumaa, 14 Machi
Kanisamehe, roho yangu. Asubuhi kaijaribu pete, ikagoma kwenye fundo la kidole. Kairudisha msumarini, akasema tusubiri, mke wangu, dawa haina mbio. Kidole kile, uso ule! Nani asubiri?
Nimepita kwa sonara. Kuipanua pete kidogo ni kazi ya saa moja tu. Kesho itateleza yenyewe, naye atajua dawa imeanza kufanya kazi.
Niliapa kuhusu mizani. Pete hakuna aliyeitaja.