Amotisa Yangu na Kasiksi ya Wakwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Nina baiskeli yenye amotisa! Springi mbili mbele na kitufe chekundu cha kuzifunga zisicheze. Papa Christophe, fundi wa Nyalukemba, alinieleza taratibu: kwenye mlima na kwenye lami, funga, la sivyo nguvu za miguu zinaishia kwenye springi; ukishuka kwenye mawe, fungua. Niliitikia kwa kichwa. Sikusikia kitu. Nilikuwa naangalia kama Cirhuza ananiona.

Cirhuza naye anamtaka Nathalie wa kijiji cha Miti, kama mimi. Baiskeli yake haina springi hata kwenye kiti, masikini. Jumamosi hii wazazi wa Nathalie wananipokea mimi, na bidoni, dumu la kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Wakiikubali, nimepata mke. Wakiikataa, Jumamosi inayofuata ni zamu ya Cirhuza.

Jumatano, tarehe 5 Juni
Aibu. Nilipanda mlima na amotisa wazi, watu waone springi zinavyocheza. Zilicheza kweli! Mbele juu, mbele chini, na mimi palepale. Maman mmoja muuza makaa aliuliza kama kinga yangu, yaani baiskeli, iko na kwikwi. Cirhuza akanipita na gunia la unga nyuma, ameketi kabisa. Akasema, "Pole, mukubwa." Hata jasho hana!

Nimefikiri sana. Springi huchakaa zikitumika. Basi kwenye mawe nitazifunga, zibaki mpya. Nitazifungua mbele ya wakwe tu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Dada yangu Euphrasie ameleta kasiksi. Bado inachacha, kasema, isirukeruke. Kisha akanikumbusha jambo ambalo hata mtoto wa huku analijua: bidoni ya mkwe hufika imejaa mpaka shingoni. Ikipungua, maana yake mkwe alionja njiani, na mlevi hapewi binti. Nikamwambia atulie, nina amotisa.

Jumamosi, tarehe 8 Juni
Baada ya lami, njia ya mawe. Nikafunga. Meno yakagongana, bidoni ikaruka, kizibo kikapaa kama risasi. Kasiksi mgongoni, kasiksi ndani ya viatu. Ilibaki nusu.

Nikafanya nini? Nikajaza maji ya chemchemi. Najiandikia mwenyewe na bado naona haya.

Papa Donatien, baba wa Nathalie, alionja. Akaonja tena. Wajomba wakaonja. Wakarudisha kikombe. Kisha mzee akaniuliza, kwa adabu, kama mvua ilinyesha njiani. Mwezi wa sita, kiangazi! Maman Cibalonza, mkewe, alijifunika uso kwa kitenge. Nikasingizia mawe. Kumbe mzee alibeba mizigo kwa baiskeli miaka ishirini! Akauliza: "Ile amotisa, ulifunga ao ulifungua?" Nikajibu kwa fahari, "Nilifunga, papa, juu isizeeke." Wajomba wote wakaangalia miguu yao. Mimi nilinuka pombe kuliko bidoni yenyewe. Nilitamani ardhi inimeze.

Wananionea huruma, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wamesema nirudi Jumamosi ijayo, siku ileile ya Cirhuza. Atakayefikisha bidoni iliyojaa ndiye atakayesikilizwa. Nathalie alinisindikiza hadi njiani, akaninong'oneza neno moja: fungua.

Alhamisi, tarehe 13 Juni
Euphrasie ametengeneza kasiksi nyingine, tamu kuliko ya kwanza. Ameniapisha mara tatu kwamba nitafungua. Nimeapa. Lakini springi zangu! Zina siku kumi tu!

Jumamosi, tarehe 15 Juni
Nimepata dawa. Aibu ya wiki iliyopita haitarudi kamwe. Leo asubuhi nimekutana na Cirhuza, naye anakwenda Miti mikono mitupu: pombe ya mama yake imeharibika. Baiskeli yake haina springi za kuhurumia, na anajua kuendesha polepole kwenye mawe. Nikamwomba anibebee bidoni yangu. Amekubali kabla sijamaliza kusema! Na mimi nilimdhania mtu mbaya.

Ametangulia, bidoni imejaa mpaka shingoni. Mimi nimepumzika kidogo hapa mwanzo wa mawe, naandika. Nitafuata taratibu, amotisa nimeifunga.

Jambo moja tu sielewi. Cirhuza amevaa suti. Suti, kwenye vumbi hili!