Nyoka wa Ploti Namba Saba

Wacha mlisikie jambo hili kutoka kwangu kabla picha haijawafikia. Leo nimeaibika, na nimeaibika mchana kweupe, katikati ya maombi.

Mnanijua. Siwezi kutulia. Shule niliiacha mapema kwa sababu dirishani kulikuwa na mambo mengi kuliko ubaoni. Tangu hapo nimeosha magari Ruiru, nimevunja mawe Juja, nimebeba mananasi Thika, na kote nimefukuzwa kwa kosa lile lile: kuna kitu niliona kando, nikaenda kukiangalia. Dada yangu Nekesa, ambaye ninalala kwenye kochi lake huko Makongeni, amechoka na mimi. Juzi alinitafutia kazi kwa Githinji, dalali wa mashamba, akaniambia:

"Wanjala, ukifukuzwa huko pia, mimi mwenyewe nitakupandisha gari la kurudi nyumbani Bungoma. Na dirisha nitalifunga."

Githinji anauza ploti Mugutha. Leo wateja walikuwa wanakuja kuziona: chama cha akina mama kutoka Gitothua, waliochanga pamoja wapate kununua ardhi pamoja. Wakinunua, Githinji angeniandika kazi ya kulinda ploti hizo, na chumba cha mabati pale pale shambani. Chumba! Chenye mlango! (Kochi la dada lina springi moja inayonijua mbavu zote.)

Nilifika umande ukiwa bado kwenye nyasi. Kazi ilikuwa kufyeka, kupaka chokaa mawe ya mpaka, halafu kupiga picha kila jiwe na kuituma kwenye grupu ya wateja, waone shamba liko safi. Githinji alikuwa amenipa ovaroli mpya, ya bluu.

"Hii ovaroli wateja wataiona kabla hawajaona shamba," aliniambia. "Ukiichafua, tumeachana."

Sasa mtu atafyeka nyasi mbichi bila kuchafuka namna gani? Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Hakuna mtu. Nikaivua, nikaitundika kwenye ua wa miiba, wa kayaba, nikafyeka nikiwa na gumbuti na boksa tu. (Boksa yenyewe ni nyekundu, imejaa mananasi ya manjano. Nilitoka nyumbani mbio, nikachukua ya kwanza iliyokuwa imekauka kwenye kamba.)

Nikafika ploti namba saba. Hapo juu ya jiwe la mpaka, nikamwona.

Jamani! Nimeona nyoka wengi, lakini huyu alikuwa amevaa. Kijani cha jani la mgomba baada ya mvua. Madoa meusi kama mtu ameyapanga kwa kalamu. Nilipokaribia akafura shingo, na katikati ya magamba ikatokea buluu, buluu ambayo sijawahi kuona hata kwa kitenge. Alikuwa amejizungusha kwenye jiwe langu jeupe, kichwa kando ya namba saba, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nilipiga magoti. Nikapiga picha. Nikalala kwa tumbo, nikapiga nyingine. Nikamwambia, "Geuka kidogo, ndugu yangu." Na akageuka! Halafu akachoka nami, akateleza akaingia kwenye kayaba, akapotea.

Nikatuma picha zote kwenye grupu. Ploti namba moja, jiwe. Namba mbili, jiwe. Ya namba saba niliiandikia maneno, kwa sababu ilistahili: "Ploti namba saba. Oneni maajabu ya Mungu."

Halafu simu ikaanza kutetemeka kama imeumwa yenyewe.

"Shindwe, shetani!"

"Hiyo ni nini kwa shamba yangu?"

"Dereva ageuze gari."

Githinji akanipigia. Alikuwa ndani ya basi pamoja nao, kwa hivyo alinong'ona.

"Wanjala, umetuma nini?"

"Nyoka."

"Najua ni nyoka! Kwa nini?"

"Ni mzuri, bosi."

"Sikiza. Tunafika sasa hivi. Utasema hiyo picha uliitoa kwa internet. Unanielewa? Na vaa ovaroli!"

Nikaiona Bungoma. Nikaona na dirisha lililofungwa. Nikakimbilia kayaba, nikaivuta ovaroli kutoka kwenye miiba, nikaingia ndani, nikafunga zipu hadi shingoni, nikashindilia miguu yake ndani ya gumbuti. Basi likaingia nikiwa nimesimama wima kama bango.

Hakuna aliyeshuka. Nyuso tu madirishani. Mwishowe alishuka mwenyekiti wao, Mama Shiru, mama mkubwa mwenye sweta jeupe la chama na macho ya kuchunguza nyama buchari.

"Wewe ndiye wa picha?"

"Ndiye mimi, mama. Habari ya safari?"

"Wacha safari. Nyoka iko wapi?"

"Mama, hapa hakuna nyoka. Ile picha niliitoa kwenye mtandao."

"Inua mkono uape."

Nikainua mkono. "Naapa. Hapa hakuna nyoka."

Na hapo, chini kwenye paja la kushoto, kitu kikajinyoosha.

Nikajiambia ni jasho. (Jasho hushuka. Hili lilikuwa linapanda.)

Mama Shiru akawaita wenzake. Wakashuka mmoja mmoja, wakikanyaga kwa vidole. "Kabla ya kuangalia chochote," akasema, "tuombe." Wakafanya duara, wapi? Ploti namba saba. Mama Shiru akanishika mkono wa kulia, mwekahazina akanishika wa kushoto. Mkono wa mwekahazina hauchomoki, mniamini. Githinji akafumba macho mbele yangu, uso umejaa imani.

"Baba," Mama Shiru akaanza, "tunakuja mbele zako na shamba hili. Kila nyoka aliyejificha hapa, mfichue!"

"Mfichue!" wakaitikia.

Akapita kiunoni.

"Popote alipo, asipate pa kujificha!"

"Asipate!"

Akapata. Sitasema wapi. Nilisimama kwa mguu mmoja. Machozi yakanitoka, na mama mmoja aliyekuwa amefungua jicho akanong'ona, "Ona, huyu kijana ameguswa."

Nimeguswa kweli!

"Na kama kuna mtu hapa ametudanganya, Baba..."

"AMINA!" nikapiga kelele.

"Bado!" Mama Shiru akanikemea.

Sikungoja. Nilijichomoa, nikashika zipu, nikaivuta yote. Ovaroli ikashuka ikakwama kwenye gumbuti. Nikaruka mara mbili kama mtu wa mbio za magunia, nikaanguka kifudifudi, mananasi juu. Na kutoka kwenye ovaroli ya kazi akatoka yule mrembo, kijani chote, taratibu, akapita juu ya kiatu cha Githinji, akaelekea kwenye kayaba lake. Hakuwa na haraka hata kidogo.

Githinji ndiye alikuwa na haraka. Tulimwona tena akiwa juu ya boneti ya basi.

Akina mama walitawanyika wakimwita Mungu kwa Kikuyu, Ngai, isipokuwa Mama Shiru. Yeye alisimama juu yangu, akatoa simu, akanipiga picha. Halafu akauliza kwa upole:

"Huyo ndiye wa mtandao?"

Nilikuwa na nyasi mdomoni.

Wakaenda kando ya basi kushauriana. Nilivaa polepole, nikikung'uta kila mguu, nikimtazama Githinji, naye hakunitazama. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Nekesa. Mama Shiru akarudi.

"Tutachukua ploti," akasema. "Nyoka imeingia kwa nguo ya mtu, imepanda mpaka pale ilipopanda, na haijauma. Hiyo si nyoka mbaya. Lakini huyu kijana akae hapa. Na kila asubuhi atutumie picha, tujue iko wapi."

"Atatuma!" Githinji akasema kutoka kwenye boneti.

"Na awe amevaa."

Kwa hivyo kazi nimepata. Chumba pia. Mlango upo, ila chini una mwanya, na kayaba liko hapo nje. Nimesoma sasa hivi kwamba nyoka wa aina yake hana sumu, anakula mijusi na vyura tu. Nimefurahi. Ninayaandika haya nikiwa nimesimama juu ya meza.

Picha ya grupu ya chama sasa ni mimi, kutoka nyuma. Imefika Makongeni haraka kuliko gari lolote. Nilidhani dada atanipongeza kwa kazi. Ameandika swali moja tu:

"Wanjala, hiyo si boksa ya mume wangu?"

Tafadhali msicheke. Na yeyote aliye na namba ya shemeji, asimtumie.